Mchaichai wa Ghorofani

Mimi nina mdomo. Wanaonijua hawahitaji kuambiwa, ila wewe usiyenijua ni vizuri ulijue hilo mapema, kwa sababu kisa hiki chote kimeletwa na mdomo wangu. Kama Mungu angeniumba mpole, leo nisingekuwa na la kusimulia.

Tulihamia hapa mtaa wa Gerezani mume wangu alipostaafu kazi ya reli. Kabla ya hapo tulikaa kwenye nyumba za wafanyakazi, nyumba ndogo, mvua ikinyesha humsikii mwenzako kwa kelele za bati, lakini ilikuwa na kiuwanja mbele. Pale mlangoni nilikuwa na shina la mchaichai lenye umri mkubwa kuliko mtoto wangu wa kwanza. Asubuhi natoka na kanga yangu, nakata majani matatu manne, natumbukiza kwenye sufuria, harufu inawafikia majirani wakiwa bado kitandani. Kwetu Masasi mtu hanunui mchaichai. Ukinunua watu watakuuliza kama umefukuzwa nyumbani.

Kisha tukapata vyumba viwili ghorofa ya tatu. Chini ni maduka ya spea na vitenge, katikati ni sisi wapangaji, na juu kabisa ni paa la zege ambako nyumba nzima inaanika nguo. Ukivuka barabara ya mwendokasi uko Kariakoo, na Kariakoo hukosi kitu, hata mchaichai upo, umefungwa kamba, umesafiri siku mbili, umekauka ncha na unanuka gunia. Nikanunua, nikapika. Mume wangu akanywa, akasema, "Si mbaya."

Si mbaya! Mtu aliyekunywa chai yangu ujana wake wote! Niliingia chumbani nikalia. Nililia kweli, wala sikuwa namlilia yeye. Nililia kwa sababu niliona nimefika umri wa kuwa na wajukuu, na hapa duniani sina hata jani moja ninaloweza kusema hili nimelipanda mimi.

Nikafuta machozi, nikarudi sokoni. Safari hii nilichagua vishina vyenye mizizi, nikamwomba muuzaji asivikate. Akaniuliza, "Mama, hivyo ni vya kupika au vya dawa?"

"Vya kupanda."

"Unapanda wapi sasa mama, kwenye lami?"

Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka, maana aliyosema ni kweli. Huku kwetu zege lipo, lami ipo, vumbi la vyuma vya mafundi lipo tele, ila udongo wa kupandia kitu huna pa kuuchota. Ilibidi niende kwa wauza maua wa barabarani, nikanunua viroba viwili vya udongo mweusi uliochanganywa na samadi, nikakodi mkokoteni. Marehemu baba alilima korosho na mihogo maisha yake yote. Angesikia bintiye amenunua udongo, angefufuka anichape. Na mchukuzi alipokuwa anapandisha viroba ngazini huku anahema, milango ikawa inafunguka mmoja mmoja. Saruji? Mchele? "Udongo," anajibu yule baba wa watu, na kila ghorofa ikaangua kicheko.

Makopo sikuyanunua. Mafundi rangi wa mtaa wa nyuma walinipa ndoo nne za lita ishirini. Nilikuwa na dumu la mafuta ya kula, nikalikata ubavu. Beseni langu lililopasuka nalo likapata kazi, na kopo la maziwa ya unga. Mume wangu akapasha msumari kwenye jiko la mkaa, akatoboa matundu chini ya kila kimoja, maana maji yakituama mizizi inaoza. Chini nikaweka kokoto, juu udongo. Mchaichai ukaingia kwenye ndoo, nanaa kwenye dumu, tangawizi kwenye beseni, na mrehani kwenye kopo. Nikavipanga paani upande unaopata jua la asubuhi. Jioni hiyo nilisimama pale mikono kiunoni kama mwenye shamba la ekari kumi.

Siku ya pili nikaitwa na mwenye nyumba.

Mwenye nyumba wetu tunamwita Bi Mkubwa. Ni mama wa Kiarabu, wazee wake wamefanya biashara Kariakoo tangu zamani, na mwaka huo alikuwa mjane mpya. Anakaa ghorofa ya kwanza. Magoti yanamsumbua, hapandi juu, lakini hakuna kinachofanyika juu asikijue.

"Shikamoo Bi Mkubwa."

"Marahaba. Nasikia umefungua shamba juu ya kichwa changu."

"Ni makopo saba tu, Bi Mkubwa."

"Makopo saba ya kufugia mbu. Na watu wamekuja kunilalamikia hawana pa kuanika. Paa lile ni la kamba za nguo. Halafu unajisumbua bure, mwanamke wewe. Hapa hakioti kitu. Marehemu mume wangu alipanda waridi, likafa. Akapanda mkomamanga kwenye pipa, ukafa. Nyumba hii haipandiki."

Hapo mtu mwenye akili angesema, naam Bi Mkubwa, nimekuelewa, naomba univumilie mwezi mmoja. Mimi nikasema, "Waridi ni la kubembelezwa. Mimi ni mtu wa Masasi, sishindwi na kopo. Hitma ya marehemu si mwisho wa mwezi wa pili? Chai ya siku hiyo nitapika mimi, sufuria zote, kwa majani ya paani kwako."

Hitma hiyo ilikuwa ya kutimiza mwaka tangu mumewe afariki. Watu wangesoma Kurani, wangemwombea, kisha wangekula na kunywa chai. Mimi ni Mkristo, lakini kwenye nyumba yetu shughuli ya mmoja ni ya wote, kila mtu anabeba sufuria lake anashuka uani. Kwa hiyo kupika haikuwa ajabu. Ajabu ilikuwa kuahidi majani ambayo yalikuwa bado hayajachipua.

Bi Mkubwa akauliza, "Na ukishindwa?"

"Nateremsha makopo yote mwenyewe, mbele ya watu."

"Na hupandishi tena hata mche mmoja. Tumekubaliana. Na usije ukaniletea majani ya sokoni, nitajua. Mama yangu alikuwa na mchaichai uani kwake, ulimi wangu haudanganyiki."

Nilipomsimulia mume wangu alishika kichwa. "Mke wangu! Hata majani mawili huna, umeshalisha watu hitma?" Mdomo huponza kichwa, akaniambia, na mimi nikamwambia anyamaze akapashe msumari mwingine.

Desemba yote nilikuwa malkia. Vimvua vya mwisho wa vuli vilikuwa vinadondoka siku moja moja, na mchaichai ukasimama, majani ya kijani kibichi, ukiyasugua kidoleni unabaki na harufu mpaka mchana. Nanaa ikatambaa ikamwagika nje ya dumu. Nikawa napanda ngazi hata kama sina nguo ya kuanika. Nikikutana na mpangaji yeyote ngazini namwambia karibu shambani.

Januari mvua ikakatika, jua likaja lile la kupasua zege. Nikaongeza kumwagilia. Paani kuna tangi kubwa na bomba lake, maji yapo pale pale, nafungua tu, najaza jagi, asubuhi na jioni. Wiki ya pili nikaona ncha za mchaichai zimekuwa za kahawia, kama zimepitishwa kwenye moto. Nikasema ni kiu, nikaongeza maji. Ukahawia ukashuka hadi katikati ya jani. Nikaongeza tena. Nanaa ikaanza kupukutika, na asubuhi moja nikaikuta imelala yote, shina jeusi, imekufa. Nilikaa chini juu ya zege na lile dumu mapajani. Mwezi mmoja na siku chache zilikuwa zimebaki kabla ya hitma, na sikuwa na jani la kuweka hata kwenye kikombe changu mwenyewe.

Niseme wazi nilichokuwa nakiogopa. Kuchekwa ninakuweza. Nilikuwa naogopa ile siku ya kushuka ngazi na ndoo tupu mikononi, niingie kwenye vyumba vile viwili, nifunge mlango, na nijue kuwa basi, mpaka naingia kaburini mimi ni mtu wa kununua. Nilikuwa sipati usingizi kwa ajili ya ndoo nne za rangi.

Mtu akiogopa hutafuta mchawi. Wangu nilimpata karibu. Jirani yangu wa mlango wa pili, mama wa rika langu, ana duka la vitenge hapo hapo chini ya nyumba. Ndiye aliyekwenda kulalamika kwa Bi Mkubwa kuwa makopo yangu yamemlia nafasi ya kuanika, nilishaambiwa. Basi asubuhi hiyo ya nanaa, nanyanyua macho, namwona yule pale kwenye kamba, anakamua nguo, na beseni lake la maji ya kufulia liko hatua mbili kutoka kwenye ndoo zangu, na pembeni ya ndoo zege limelowa.

Mungu anisamehe. Sikumuuliza. Nilianza pale pale paani, nikaendelea naye ngazini anaposhuka, ghorofa ya tatu, ya pili, ya kwanza, hadi mlangoni mwa duka lake. Nilimwita mwenye husuda. Nilimwambia anamwaga maji ya sabuni kwenye mimea yangu kila siku nikiteremka, nilimwambia ana roho ya korosho, na mengine ambayo siyaandiki. Nyumba nzima ilitoka kusikiliza.

Yeye alisimama mlangoni, akaniacha nimalize, akasema, "Umemaliza? Sasa nisikilize. Nimwage povu, povu nilitoe wapi? Na maji haya ya chumvi ya kisima, sabuni mche mzima unaisha na povu huoni! Nenda kajiulize vizuri wewe mwanamke." Akaingia dukani akavuta kioo.

Nilipanda juu nikijiona nimeshinda. Nikamwambia mume wangu nimempa vidonge vyake. Yeye akaendelea kukata kucha.

Kesho yake nilipanda paani kung'oa ile nanaa. Nilipoinua dumu nikaona ukingoni, pale udongo unapokutana na plastiki, pana ukoko mweupe. Nikatazama ndoo. Zote zina ukoko. Nikafikiri ni chokaa, nikafikiri ni rangi iliyobaki. Nikaukwangua kwa ukucha, nikaweka kwenye ulimi.

Chumvi.

Jamani! Nilikaa tena chini pale pale. Maji ya tangi la paani ni maji ya kisima, na hakuna mtu mzima wala mtoto katika nyumba ile asiyejua kuwa maji ya kisima chetu yana chumvi. Hatuyapikii. Hatuyanywi. Ukiyachemshia chai ya maziwa, maziwa yanakatika. Ya kunywa ni ya bomba la mjini, yanakuja siku yanapotaka, tunapanga madumu uani. Mgeni akija kitu cha kwanza tunachomwambia ni, bomba hili la kuogea, usinywe. Na mimi, mtoto wa mkulima, mtu wa Masasi, sishindwi na kopo, nilikuwa nayanywesha mimea yangu maji hayo asubuhi na jioni, na kila ilipougua niliiongezea! Na waridi la marehemu, na mkomamanga wake, nikajua papo hapo viliuawa na nini. Sote katika nyumba ile tulikuwa na akili moja, kwamba chumvi ni shida ya midomo yetu tu, mmea hauna ulimi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mchawi alikuwa jagi langu mwenyewe, na jirani alikuwa ameniambia hivyo kwa kinywa chake mbele ya nyumba nzima, nami sikusikia kwa sababu nilikuwa nimeshughulika kupiga kelele.

Aibu ilinishika mpaka masikio yakawaka. Lakini aibu haimwagilii. Nilihitaji maji matamu, tena mengi, kwanza ya kuusafisha udongo, halafu ya kila siku. Maji ya bomba yalikuwa hayajatoka siku nne, na yakitoka ni kuyapandisha kutoka uani hadi paani, na mgongo wa mume wangu aliuacha relini. Nikashuka hivyo hivyo, najiambia la maji baadaye, kwanza nikamwombe radhi yule mama.

Nimefika mlangoni mwa duka, hata sijabisha, tone la maji baridi likaniangukia utosini, likateremka shingoni hadi mgongoni. Nikaruka. Kiyoyozi chake kiko juu ya mlango, kina kimpira kinachodondosha maji kutwa nzima, wateja wanalowa, wapita njia wanalaani, na kila duka la mtaa ule lina ugomvi kama huo. Nikatazama juu. Likadondoka lingine, nikalikinga na kiganja, nikalilamba.

Halikuwa na chumvi hata chembe.

Na hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza kwa mara ya pili, maana nilisukuma kioo nikaingia, na badala ya samahani, nikasema, "Jirani, naomba maji yako ya kiyoyozi."

Alikuwa anakunja kitenge. Alikiweka chini taratibu. "Hebu rudia."

"Naomba maji ya kiyoyozi."

"Jana umenitukana mbele ya nyumba nzima. Leo asubuhi, hata salamu hujanipa, unaniomba maji?"

Ndipo nikashtuka. Nikamwambia yote, ukoko, ulimi, waridi la marehemu, na kwamba alichosema yeye jana ndiyo kweli na mimi ndiye mpumbavu. Nikamwambia samahani, nimekukosea. Alinisikiliza uso mkavu. Mwisho akasema, "Sawa. Umenitukana wapi?"

"Ngazini."

"Kwa sauti gani?"

Nikaelewa. Kwetu huku matusi ya ngazini hayaombewi radhi chumbani. Jioni ile, watu wamerudi makazini, milango iko wazi kwa ajili ya joto, nilisimama ghorofa ya tatu nikakohoa, nikapaza sauti ile ile ya jana. Nikasema mimi wa chumba fulani nilimsingizia jirani yangu jambo ambalo hakulifanya. Nikasema mimea yangu nimeiua mwenyewe kwa maji ya kisima. Nikashuka ghorofa ya pili nikarudia. Nikashuka ya kwanza nikarudia, na pale mlango wa Bi Mkubwa ulikuwa wazi kidogo. Watu walicheka, mmoja akapiga makofi. Jirani alikuwa amekaa ngazi ya mwisho na kikombe chake, ananisikiliza kama anasikiliza redio. Nilipofika kwake akasogea, akapigapiga ngazi nikae. "Sauti unayo," akasema. "Kesho lete ndoo."

Basi tukafunga mpira mrefu kwenye kile kimpira cha kiyoyozi, tukauelekeza kwenye ndoo. Kufika adhuhuri ndoo imejaa, na jioni akifunga duka ipo nyingine. Wateja wake wakaacha kulowa. Mwenye duka la spea alipoona hivyo akaniita, "Mama mkulima, chukua na yangu, yananigombanisha na watu." Nikawa na visima viwili, vinaning'inia ukutani.

Nilikwangua ule ukoko wote nikautupa. Nikakata majani yaliyoungua hadi karibu na shina, nikabaki na visiki vya kutia huruma. Kisha nikamimina maji matamu kwenye kila ndoo hadi yakatiririka chini kwenye matundu, nikangoja, nikamimina tena, siku tatu mfululizo, ili chumvi isukumwe itoke. Napandisha nusu ndoo, napumzika ghorofa ya pili, napandisha tena. Magoti yalilia, nami niliyaacha yalie. Nanaa nikaanza upya kwa kijiti kimoja. Mume wangu alisema hana la kusema, lakini asubuhi ya sita alinitangulia kupanda, nikamsikia ananiita kwa nguvu, nikadhani ameanguka. Alikuwa amechutama mbele ya ndoo ya pili. Katikati ya visiki vile palikuwa na ncha ya kijani, ndefu kama ukucha.

Haki ya Mungu sijawahi kufurahi vile hata siku ya harusi yangu. Siku ile nilikuwa na wasiwasi na nguo.

Baada ya hapo mchaichai ulikimbia. Joto lile lile lililokuwa linauua, sasa linausukuma. Kila wiki nilikuwa napima kwa mkono wangu, kiganja, kiwiko, na wiki ya hitma majani yalinifika begani nikiwa nimechutama. Nanaa ikafunika dumu. Mrehani ukatoa maua. Tangawizi peke yake ilikuwa bado changa, na sikutaka kudanganya, nikaiacha udongoni.

Siku yenyewe nilivuna baada ya jua kuchomoza, jirani akiwa ameshika beseni. Hatukumaliza hata nusu ya ndoo zangu nne. Uani masufuria ya pilau yalikuwa yameshapanda jikoni, nikapewa majiko mawili yangu. Maji ya bomba yalikuwa yametoka usiku kwa bahati, Mungu si Athumani. Yalipochemka nikafunga majani mafundo mafundo, nikatumbukiza, nikafunika, nikangoja, ndipo nikatia majani ya chai kidogo tu, nisije nikaua harufu, na sukari, na nanaa mwishoni moto ukiwa umezimwa. Nilipofunua, mama aliyekuwa anachambua mchele upande wa pili wa uani alinyanyua kichwa akauliza, "Ni nini hicho?"

Kisomo kilipokwisha na watu wamekula, chai ikapanda kwa Bi Mkubwa. Wanawake walikuwa wamejaa sebuleni hadi kwenye korido, wamekaa mikekani. Nilimpelekea yeye kwa mkono wangu. Akapuliza, akaonja. Akanywa yote. Akanyoosha kikombe nikamjazia tena, akanywa hicho nacho. Mikono yangu niliificha ndani ya kanga.

Akasema, kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Umenunua wapi?"

Damu ilinipanda. Hitma, wageni, heshima, vyote nilivisahau. "Sijanunua, Bi Mkubwa."

"Hii ni chai ya uani kwa mama yangu. Mchaichai wa namna hii hauoti kwenye kopo la rangi. Sema kweli, leo ni siku ya marehemu."

"Twende juu ukaone."

Watu wote wanajua magoti yake. Jirani yangu alikuwa mlangoni na sinia la vikombe, akasema, "Bi Mkubwa, maji yametoka dukani kwangu, na majani nimeyabeba mimi asubuhi. Lakini kama huamini, nenda kaone." Ndiye yule aliyenishtaki.

Bi Mkubwa akaomba mkono. Nikampa wangu wa kulia, jirani akampa wa kushoto. Tukapanda. Kila ghorofa anasimama, anashika ukuta, anasema Allah, anaendelea, na nyuma yetu wanawake wanapanda na vikombe vyao mkononi. Ilituchukua muda mrefu.

Paani jua lilikuwa kali. Mbele kabisa palikuwa na kamba zimejaa mashuka ya wapangaji, na nyuma ya mashuka, ndoo zangu. Bi Mkubwa alipenya katikati ya nguo, akasimama. Akatazama ndoo moja moja bila haraka. Akainama kwa shida, akakata jani, akalikunja, akalisugua, akalisogeza puani akafumba macho. Kisha akaingiza kidole kwenye udongo, akakipeleka mdomoni.

"Hauna chumvi," akasema polepole. "Miaka yote ile, ilikuwa chumvi."

"Ndiyo Bi Mkubwa."

"Nilimwambia hana mkono wa kupanda. Mpaka anakufa nilikuwa namtania."

Alijifuta macho kwa ncha ya buibui lake, akageuka, akawatazama wapangaji wenzangu waliojazana mlangoni, na sauti yake ya kudai kodi ikarudi.

"Nani kafunga kamba hizi hapa? Hamwoni mashuka yanaziba jua? Zisogezeni zote kule ukutani, leo hii. Nguo zitakauka popote."

Hitma haipigiwi vigelegele, najua. Niliukaza mdomo, nikaufunika kwa kanga kwa mikono miwili, nikamwangalia jirani yangu, naye akaniangalia, na kigelegele kikatutoka wote wawili, kirefu, hadi mafundi wa chini wakazima mashine kusikiliza.

"Nyie wanawake nyie!" akasema Bi Mkubwa. Lakini alikuwa ameshika lile jani, na alikuwa anacheka.